Somo: Pawa stelingi inalia au inavuja? Usinunue pampu kwanza

Wenye Corolla 110, Mark II GX100, Noah za zamani na gari lolote lenye pampu na kikopo cha oili ya stelingi, karibuni. Gari likianza kulia kwenye kona, gereji nyingi zina jibu moja tu: pampu imekufa. Unatafuta ya mtumba, inafungwa, na baada ya siku chache mlio umerudi vilevile, kwa sababu tatizo lilikuwa hewa iliyoingia kwenye oili. Pampu iwe kitu cha mwisho kushukiwa.

Sikiliza kabla ya kushika spana. Mlio mkali wa "kwiiii" unapokata usukani hadi mwisho, au unapowasha gari asubuhi, ni wa mkanda unaozungusha pampu. Mlio mzito wa "vuuuu" unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta na kuzidi ukizungusha usukani, ni pampu inayokosa oili au inayonyonya hewa. Ukisikia "ko-ko-ko" kwenye mashimo, acha kabisa habari za oili, ukague viungo vya magurudumu ya mbele: taairodi, boljointi na bushi.

Hatua ya 1: Kikopo cha oili. Simamisha gari mahali tambarare, usome alama: COLD kama injini imepoa, HOT kama imetoka safari. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hutumia ATF (oili ya gia za otomatiki) aina ya Dexron II au III, ambayo ikiwa nzima ni nyekundu na inang'aa. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, imechoka. Ikiwa na povu, au imepauka kama maziwa ya stroberi, inaingiza hewa: ruka uende hatua ya 3.

Hatua ya 2: Mkanda. Zima injini. Tafuta nyufa, ubonyeze uone kama umelegea. Mkanda uliolowa oili hauponi kwa kukazwa. Ziba kwanza uvujaji, kisha weka mpya. Na usikaze kupita kiasi, utaua beringi ya pampu ambayo haikuwa na kosa.

Hatua ya 3: Upande wa kunyonya. Hapa ndipo penye jibu mara nyingi, na ndipo pasipoangaliwa. Hozi inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu haina presha. Pampu inavuta kupitia hapo. Kwa hiyo ikiwa na ufa mdogo inaweza isidondoshe hata tone, lakini ikawa inaingiza hewa muda wote injini inapofanya kazi. Raba ya miaka 20 imeshakauka kama kuni, na klampu za springi zimeshapoteza nguvu. Badilisha hozi hiyo na klampu zake kabla ya kitu kingine; ni gharama ndogo. Hakikisha hozi ni ya kuhimili oili na ni ngumu ya kutosha isibanwe na mvuto.

Wenye Subaru Forester na Impreza za zamani, nyinyi mna oringi (pete ya raba ya kuziba) pale bomba la kunyonya linapoingia juu ya pampu. Ikikakamaa, oili inatoka povu na pampu inalia kama inakufa. Kujaribu ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma, dondoshea oili kidogo kwenye kiungo hicho, kwa uangalifu usiguse mkanda. Mlio ukibadilika, umempata mwizi.

Tazama pia ndani ya kikopo. Vingi vina chujio la wavu chini, na likiziba tope pampu inashindwa kuvuta.

Hatua ya 4: Tafuta panapovuja. Oili hushuka na kupeperushwa nyuma na upepo, hivyo palipolowa huenda sipo panapovuja. Osha kwa sabuni, kausha, nyunyiza poda ya mtoto kwenye viungo ili oili ionekane inapotokea, washa gari na mwenzako azungushe usukani. Anza kukagua juu, shuka chini: hozi ya kurudisha, viungo vya bomba la presha, sili (raba ya kuzuia oili) ya shafti nyuma ya puli ya pampu, kisha raki, yaani mtambo unaosukuma magurudumu kukata kona. Usipapase uvujaji kwa mkono injini ikiwa inawaka. Usukani ukifika mwisho presha huweza kupita bar 60, na oili inayotoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi. Ikidondokea bomba la moshi lililopata moto, inaweza kuwaka.

Viungo vya bomba la presha vina washa laini; ukifungua, weka mpya. Hozi ya presha iliyopasuka ipeleke kwa wanaotengeneza hozi za haidroliki waibane upya. Kuunganisha kwa hozi ya petroli na klampu mbili ni kumwaga oili barabarani.

Kwa raki, minya buti (mifuniko ya raba) za pande zote mbili. Zikiwa na oili ndani, sili zimekwisha. Hiyo kazi mpe fundi anayeijua, na umwambie akague shafti ya raki: ikiwa na kutu au vishimo, sili mpya itachanika upesi. Baada ya hapo fanya alainimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

Hatua ya 5: Kutoa hewa. Inua mbele kwa jeki, weka stendi. Jaza oili. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole toka mwisho hadi mwisho, mara 15 hadi 20, ukiongeza oili inaposhuka. Sasa washa, urudie mara chache bila kuushikilia mwisho zaidi ya sekunde 5. Zima uangalie kikopo: kwa Toyota, oili ikipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzima, hewa bado imo. Iache itulie, urudie.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, GX100 yangu inapungua oili ya stelingi lakini chini pakavu kabisa. Halafu inatoa moshi mweupe.

Jibu: Kwenye pampu kuna kivalvu kidogo chenye vipira viwili vyembamba vinavyokwenda upande wa hewa ya injini. Kazi yake ni kupandisha mzunguko wa injini unapokata usukani gari likiwa limesimama. Kikichoka, injini inanyonya oili na kuichoma. Chomoa vipira hivyo. Ukikuta ATF ndani, badilisha kivalvu. Usikubali mtu afungue injini kabla ya hapo.

Swali: Naweza kuweka oili ya breki kwa dharura?

Jibu: Hapana kabisa, itaharibu sili zote. Fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko. Wenye Honda mna oili yenu maalumu, msiweke ATF kwa mazoea.

Swali: Kaka, Passo yangu stelingi imekuwa nzito ila kikopo cha oili sikioni.

Jibu: Hakipo, dada. Yako ni ya umeme, inasukumwa na mota. Anza na betri na chaji, kisha ipimwe kwa mashine.

Swali: Zile dawa za kuzuia kuvuja vipi?

Jibu: Hulainisha sili zilizokakamaa, kwa muda. Hozi iliyopasuka haizibi.

Swali: Fundi anasema akate mkanda wa pampu niendeshe hivyo hivyo hadi mwisho wa mwezi.

Jibu: Angalia kwanza huo mkanda unazungusha nini kingine. Kama unabeba pampu ya maji au altaneta, huendi mbali. Kama ni wa stelingi peke yake, gari litatembea, ila usukani utakuwa mzito kuliko wa gari lisilo na pawa, hasa kwenye kona za polepole. Mwendo wa gereji tu, si safari ya Morogoro.