Kloridi ya bariamu: kutoka fomula hadi gramu kwenye mizani

Anayekosea moli (kipimo cha idadi ya chembe za dutu) za chumvi za bariamu mara nyingi hajashindwa kugawanya, hakusoma lebo. Kopo la kloridi ya bariamu linalokaa kwenye rafu ya maabara huwa na BaCl₂·2H₂O, yenye maji ya fuwele, si BaCl₂ tupu. Kwa masi za atomu, hapa tunatumia Ba = 137, Cl = 35.5, S = 32, O = 16, Na = 23, H = 1.

Hatua ya 1: fomula. Bariamu iko kundi la 2, na ioni yake ni Ba²⁺. Kwa hiyo BaCl₂, Ba(NO₃)₂, Ba(OH)₂, BaSO₄, BaCO₃. Usiache mabano: ukiandika BaOH₂ utahesabu oksijeni moja na kupata 155 badala ya 171.

Hatua ya 2: masi ya moli.
BaCl₂ = 137 + 71 = 208 g/mol
BaCl₂·2H₂O = 208 + 36 = 244 g/mol
BaSO₄ = 137 + 32 + 64 = 233 g/mol

Nukta ya katikati si alama ya kuzidisha. Unajumlisha maji, basi. Hidroksidi nayo huuzwa kama Ba(OH)₂·8H₂O: 171 + 144 = 315.

Hatua ya 3: kutengeneza mmumunyo. Tuseme unataka 250 cm³ za 0.10 mol/dm³.
Moli = 0.10 × 0.250 = 0.025
Masi = 0.025 × 244 = 6.10 g

Aliyetumia 208 atapima 5.20 g. Hizo ni moli 0.0213 tu, na mmumunyo wake utakuwa 0.085 mol/dm³. Kila jibu litakalofuata litapotoka kwa karibu asilimia 15, na hakuna atakayeona kosa kwa macho, maana mmumunyo hauna rangi vilevile.

Yeyusha kwanza kwenye bika kwa maji kiasi, hamishia kwenye chupa ya ujazo, suuza bika mara mbili tatu na maji hayo yaingie humo humo, ndipo ujaze hadi alama. Tumia maji yaliyokenekwa. Ya bomba mara nyingi yana salfeti, nayo huleta ukungu mweupe.

Chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu. Usivute pipeti kwa mdomo, na nawa mikono ukimaliza.

Hatua ya 4: kuhakiki lebo iliyofutika. Pasha moto 2.44 g kwenye krusibo iliyokwisha pimwa, poza kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, pima. Rudia mpaka masi isibadilike tena. Ikibaki 2.08 g, maji yaliyotoka ni 0.36 g, yaani moli 0.02, chumvi kavu ni 2.08 ÷ 208 = moli 0.01. Uwiano ni 2 kwa 1. Ukipata 1.6 au 1.7, hukupasha vya kutosha.

Hatua ya 5: mashapo ya BaSO₄. Hapa ndipo mikono hupimwa. Chukua 0.488 g za BaCl₂·2H₂O, yaani moli 0.00200. Kinadharia utapata 0.00200 × 233 = 0.466 g za BaSO₄.

Yeyusha, ongeza matone machache ya asidi ya haidrokloriki ili kaboneti isijitokeze, pasha mpaka karibu kuchemka, kisha tia asidi ya salfa hafifu tone kwa tone huku ukikoroga. Ukiimwaga yote kwa pamoja, chembe zitakuwa laini mno na zitapita kwenye karatasi ya kuchujia. Acha bika mahali pa moto kwa saa moja hivi ili chembe zikue. Chuja, osha kwa maji ya moto, kausha, pima.

Masi ikipungua, angalia maji yaliyochujwa: yakiwa na ukungu, mashapo yamepita. Ikizidi, hayajakauka au hayakuoshwa vizuri.

Hatua ya 6: mabaki. Usimwage bariamu kwenye sinki. Zimebaki 50 cm³ za 0.10 mol/dm³? Hizo ni moli 0.005, zinazohitaji moli 0.005 za salfeti ya sodiamu: 0.71 g za Na₂SO₄ kavu, au 1.61 g ikiwa kopo linasema Na₂SO₄·10H₂O. Weka mara mbili ya hapo, subiri mashapo yatulie, kisha jaribu maji ya juu kwa tone la salfeti. Yasipogeuka meupe, bariamu yote imeshuka chini.