Jioni ya Steki na Kuonja Mvinyo kwa Wenza: Mwongozo kwa Watu wa Tanga

Mkahawa wenye hadhi unapotangaza jioni ya steki na kuonja mvinyo, wenza wengi wa hapa Tanga hutamani kwenda lakini husita, na mara nyingi kinachowazuia si bei peke yake bali hofu ya kukaa mbele ya glasi nne na visu viwili bila kujua pa kuanzia. Hofu hiyo haina msingi. Kuonja mvinyo ni kazi ya pua na ulimi, na mtu aliyekulia katika nyumba inayopika pilau, inayokamua ukwaju na kufukiza udi ana pua iliyozoea kupambanua harufu tangu utotoni. Kinachohitajika ni kuujua utaratibu wa shughuli yenyewe, kupanga mambo machache mapema, na kukumbuka kwamba mmekwenda pale kwa ajili ya kukaa pamoja kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya kuweka nafasi

Anzeni na simu. Mpigieni msimamizi wa mkahawa siku kadhaa kabla, na msitosheke na jibu la "karibuni tu", bali mwulizeni kama bei iliyotangazwa ni ya mtu mmoja au ya watu wawili, kama nyama imo ndani ya bei hiyo au inalipiwa peke yake, kama kodi na ada ya huduma zimeshajumlishwa, na ni aina ngapi za mvinyo zitakazoonjwa. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Onjo la kawaida ni mililita 50 au 60 hivi, na chupa moja ya mililita 750 hutoa maonjo 12 hadi 15. Kwa hiyo mkiambiwa kuna aina tano, kila mmoja wenu atakuwa amekunywa theluthi moja ya chupa au zaidi kabla hata ya kuagiza glasi ya kulia nyama.

Kama mmoja wenu hanywi pombe, iwe kwa sababu ya dini, ujauzito, dawa anazotumia au kwa kutopenda tu, jambo hilo lisemwe katika simu hiyohiyo ili jikoni wajiandae, kwa sababu haipendezi hata kidogo mwenza mmoja akahudumiwa glasi baada ya glasi huku mwenzake akiachiwa soda ya chupa. Ombeni rozela iliyopoa isiyotiwa sukari nyingi. Ina uchachu, ina rangi nzito na ina ukakasi kidogo, mambo yaleyale yanayoufanya mvinyo mwekundu ufae kwa nyama, na ikimiminwa katika glasi ya mvinyo huonjwa kwa utaratibu uleule wa kutazama, kunusa na kunywa kidogo kidogo. Juisi ya ukwaju iliyochujwa vizuri nayo inafaa. Anayekunywa asimshawishi asiyekunywa, na asiyekunywa asimhesabie mwenzake glasi. Kama kuna la kukubaliana, na mkubaliane nyumbani.

Ulizeni pia kuhusu meza. Watu wengi hukimbilia iliyo ukingoni kabisa mwa bahari, lakini kwa usiku wa kuonja mvinyo upepo wa ufuko wetu wa Raskazone, ambao ni raha kwa mambo mengine yote, huichukua harufu ya mvinyo kabla haijaifikia pua. Baraza iliyokingwa kidogo ni bora, hasa wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo unapokuwa na nguvu na usiku unapokuwa wa kupendeza. Katika miezi ya kaskazi, joto linapopanda, chagueni ndani penye kiyoyozi.

Mchana wa siku hiyo kuleni chakula cha kawaida, na jioni msile tena kitu kizito, lakini pia msiende na njaa kali, kwa kuwa pombe hupanda haraka katika tumbo tupu.

Mavazi, na hasa manukato

Kuhusu nguo hakuna mengi ya kusema: vaeni mnachovaa kwenda kwenye harusi ya rafiki, kisicho kizito. Manukato ndiyo yanayostahili uangalifu. Hapa kwetu mtu kutoka jioni na mwenza wake bila kujifukiza udi, kujipaka mafuta mazuri au kuvaa kikuba cha asmini ni kama hakujiandaa, na desturi hiyo ni nzuri mno. Hata hivyo, katika meza ya kuonja mvinyo harufu yoyote kali hufunika kile kilichomo katika glasi, si kwenu tu bali na kwa waliokaa meza ya jirani. Suluhisho si kuacha mapambo. Fukizeni udi chumbani na kwenye shuka mnakorudi, na mwilini kaeni na usafi wa kuoga na sabuni isiyo kali. Midomo ipakwe mafuta yasiyo na harufu, na peremende za minti ziachwe nyumbani, kwani huuharibu ulimi kwa muda mrefu.

Namna ya kuonja

Mhudumu akifungua chupa mliyoiagiza wenyewe na kumimina kidogo kwa mmoja wenu, haulizi kama mmeupenda mvinyo huo. Anawapa nafasi ya kuhakiki kwamba haujaharibika. Nuseni: ukinuka kama boksi la karatasi lililolowa maji, au kama siki, mwambieni kwa upole na abadilishe chupa. Kama hauna kasoro, itikieni kwa kichwa tu, naye ataendelea.

Jambo la pili ni ubaridi wake. Kanuni ya kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba ilizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye baridi, si katika mji ambao usiku wa Januari unaweza kubaki nyuzi 27 au zaidi. Mvinyo mwekundu hupendeza ukiwa kati ya nyuzi 15 na 18, na mweupe kati ya nyuzi 8 na 12. Ukiletwa mwekundu ulio vuguvugu, pombe hutangulia puani na kuyafunika matunda yote. Basi ombeni ndoo yenye barafu na maji, chupa ikae humo kwa dakika 15 hivi. Wengine huona aibu kuomba barafu kwa ajili ya mvinyo mwekundu. Hakuna sababu ya kuona aibu, maana jambo linalotakiwa ni chupa kupoa, si vipande vya barafu kutiwa ndani ya glasi.

Kisha onjeni bila haraka. Shikeni glasi kwa mguu wake ili joto la kiganja lisiupashe mvinyo. Tazameni rangi mbele ya kitambaa cheupe cha meza. Zungusheni glasi taratibu ili harufu ipande, ingizeni pua, nuseni mara moja kwa kina, pumzikeni kidogo, kisha nuseni tena. Chukueni funda dogo, lizungusheni kinywani lifike kila mahali, kisha mmeze au mteme katika chombo kilichowekwa mezani kwa kazi hiyo. Kutema si utovu wa adabu. Wanaofanya kazi ya kuonja hutema kila siku, na kwa anayetaka kuufikia mwisho wa jioni akiwa na akili timamu ni njia ya busara. Kati ya aina moja na nyingine kunyweni maji na kutafuna kipande cha mkate mkavu usio na viungo.

Hapa ndipo penye uhondo wa wawili. Kila mmoja anuse kimya, bila kumwangalia mwenzake, kisha kila mtu ataje alichokipata. Msitafute majina ya matunda ya Ulaya ambayo hamjawahi kuyala. Semeni zambarau, bungo, ukwaju, karafuu, embe bichi, kahawa ya vikombe inayochemshwa kwa mkaa, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Mke akisema zambarau na mume akisema kahawa, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa glasi moja hubeba vyote hivyo na kila pua hukamata kwanza ile harufu inayoikumbuka zaidi. Swali linalofuata, "umeijulia wapi harufu hiyo?", ndilo linalofungua mazungumzo, na wenza walioishi pamoja miaka mingi hugundua kwamba hawajawahi kusimuliana habari za miti iliyokuwa uani kwa bibi zao.

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na mweupe usio mtamu, kwenda mwekundu mwepesi, kisha mwekundu mzito, na mtamu uwe wa mwisho. Mkianza na mtamu, yote inayofuata itaonekana chungu. Wengi wetu tumeanza kuujua mvinyo kwa ule mtamu wa Dodoma, na hilo si la kudharauliwa, ila ombeni kuonja pia wa Dodoma usio mtamu kama upo. Mkoa ule una ukame na jua la kutosha, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu ya Makutupora hutoa mvinyo wa rangi iliyokoza ambao unastahili kuwekwa mezani pamoja na wa kigeni. Kutoka Afrika Kusini mtakutana na Pinotage, zabibu iliyopatikana mwaka 1925 pale Abraham Perold wa Stellenbosch alipochavusha zabibu ya Pinot Noir kwa ile ya Cinsaut. Mara nyingi ina harufu ya moshi inayopatana na nyama ya mkaa kuliko mvinyo mwingine ninaoufahamu.

Steki

Mvinyo mwekundu mzito una tanini, ile inayotoka katika maganda na mbegu za zabibu na kuacha ukakasi kinywani kama wa bibo la korosho ambalo halijaiva sawasawa. Ukinywewa peke yake, ukakasi huo huchosha. Ukinywewa na nyama, tanini hushikana na protini na mafuta ya nyama, ukakasi hulegea, nao mvinyo huonekana laini na wenye matunda zaidi. Fanyeni jaribio hili mezani: funda moja kabla ya nyama, kipande cha nyama chenye mafuta kidogo, kisha funda la pili la mvinyo uleule. Tofauti ni kubwa, na hakuna maelezo yanayoishinda.

Kuhusu kipande cha kuchagua, fileti, ambayo wauza nyama huiweka katika ile wanayoiita sarara, ni laini kuliko vyote lakini haina mafuta mengi; inafaa mvinyo mwekundu mwepesi. Steki ya mbavu ina mafuta ndani yake na ladha nzito, nayo ndiyo inayodai mvinyo wenye tanini. Steki ya mfupa wa T ina pande mbili, fileti upande mmoja na nyama ya mgongo upande wa pili, na ikiwa kubwa inatosha watu wawili. Mimi naipendekeza kwa wenza kuliko nyingine yoyote, kwa sababu inawalazimu kugawana. Ulizeni pia nyama imetoka wapi. Mkoa wetu una ranchi ya Mzeri kule Handeni, na si vibaya mkahawa wa Tanga kukumbushwa kwamba wateja wanajali ng'ombe wa kwao.

Mtaulizwa nyama iive kiasi gani. Midiamu, yaani iliyoiva nje na kubaki na wekundu wa waridi katikati, hufika nyuzi 60 hivi ndani, na weldani, yaani iliyoiva kabisa, hupita nyuzi 70. Wengi hapa huagiza weldani kwa kuamini kwamba maji mekundu yanayotoka ni damu. Si damu, damu ilishatoka wakati wa kuchinja, na wekundu ule ni maji ya nyama yenye mioglobini, protini inayohifadhi oksijeni katika misuli. Hata hivyo, mjamzito na mtu mwenye kinga dhaifu ale iliyoiva kabisa, na asiyeridhika moyoni asilazimishwe. Ng'ombe wa malisho ya nyasi huwa na mafuta machache, hivyo nyama yake ikipitiliza motoni hukauka upesi; anayetaka weldani achague kipande chenye mafuta na aombe siagi ya vitunguu saumu juu yake.

Nyama ikifika, ikateni kwa kukingama na nyuzinyuzi zake. Pilipili kali na achari ziwekwe kando kwanza, kwa kuwa pilipili huuongezea mvinyo ukali wa pombe. Chumvi na viazi vya Lushoto vinatosha. Na kama mmezoea kulishana tonge la kwanza nyumbani, adabu za mkahawa hazikatazi kumkatia mwenzako kipande cha kwanza na kumwekea sahanini pake.

Malipo na kurudi

Kubalianeni mapema nani atalipa na ni kiasi gani cha mwisho, ili bili isije ikajadiliwa mbele ya mhudumu. Bakshishi apewe mhudumu mkononi. Anayekunywa asiendeshe gari wala pikipiki. Pangeni na dereva wa teksi au bajaji mnayemfahamu aje saa mliyomtajia, kwani usiku huko Raskazone si kila wakati usafiri unapatikana haraka.

Mkiwa mmenunua chupa na haikuisha, ombeni kizibo chake mwende nayo. Iwekeni kwenye friji ikiwa imesimama, hata kama ni mwekundu, na itoeni dakika 20 kabla ya kunywa. Itabaki nzuri kwa siku tatu hivi. Baada ya hapo tieni kinachosalia katika rosti ya ng'ombe mara vitunguu vinapoiva, kabla ya nyanya.