Jinsi ya kupima upendeleo wa kisiasa kwenye taarifa ya habari ya redio ya UBC, shirika la utangazaji la taifa la Uganda

Kulalamika kwamba “hiyo ni redio ya serikali” hakumtikisi mhariri wala Tume ya Mawasiliano (UCC). Sekunde zilizohesabiwa humtikisa. Unahitaji watu wawili, simu yenye redio ya FM na jedwali la Excel.

Hatua ya 1: Chagua kipindi

Taarifa kuu ya jioni, siku 14 mfululizo, Jumapili ikiwemo. Chukua pia kituo cha binafsi cha kulinganisha. Vituo vya Vision Group havifai kwa kazi hiyo: serikali ndiyo yenye hisa nyingi humo.

Hatua ya 2: Rekodi

Rekodi ndani ya simu yenyewe, si kwa kuiweka mbele ya spika. Waya wa visikilizio ndio antena, usiuchomoe. Mono, kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima hula megabaiti 29 hivi.

Hatua ya 3: Tenga kofia

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Rais anayegombea tena ana kofia mbili, na habari moja inaweza kumvika zote. Tuseme amefungua barabara Mbale: sekunde 50 ni za utepe na mkandarasi, kisha sekunde 35 anaomba kura. Usimwandikie mgombea 85, wala usimwandikie Rais 85. Rudisha nyuma, tafuta neno ambapo hotuba inageuka, kata hapo: 50 R (Rais), 35 M (mgombea). Pasipokatika, kwa mfano nyimbo za chama zinasikika nyuma huku maneno ni ya lami, andika X.

Mwishoni toa jumla mbili: M peke yake, na M+X+R. Anayekitetea kituo ataitaka ya kwanza, mlalamikaji ya pili. Ukitoa moja tu, umeshachagua upande.

Kanuni hizi ziandikwe kabla ya siku ya kwanza. Ukibadilisha moja siku ya tisa, siku nane za mwanzo zinarudiwa zote. Na zimguse kila mtu: Kiongozi wa Upinzani Bungeni naye ana ofisi ya umma. RDC (mkuu wa wilaya) anamwakilisha Rais wilayani, kwa hiyo aingie safu ya serikali, isipokuwa pale anapomwombea mtu kura.

Halafu tenganisha kusema na kusemwa. Habari ya dakika moja na nusu kuhusu mgombea wa upinzani inaweza kuwa na sekunde 70 za msemaji wa polisi, 20 za mwandishi, na sifuri ya sauti ya mgombea mwenyewe. Kwenye safu moja ataonekana amepewa nafasi nzuri. Kwenye mbili, ukweli unaonekana.

Hatua ya 4: Hesabu vitenzi

Achana na programu zinazodai kupima hisia za maneno. Angalia nani “alifafanua” na “alisisitiza”, na nani “alidai” na “alilalama”. Kila mpimaji afanye habari 20 zilezile peke yake. Mkikubaliana chini ya 16, andikeni kanuni upya.

Hatua ya 5: Piga asilimia, kisha isome sheria

Mwaka 2021 kulikuwa na wagombea urais 11, hivyo mgawo sawa ungekuwa asilimia 9.1 kwa kila mmoja. Lakini usikimbilie kuandika kwamba Katiba imevunjwa. Ibara ya 67 inawapa wagombea urais muda sawa wa kunadi sera zao kwenye vyombo vya habari vya dola. Haisemi kila habari igawanywe sawa. Muda wa kunadi sera na muda wa habari vipimwe kwenye majedwali mawili.

Hatua ya 6: Omba nyaraka

Namba zinaonyesha mwelekeo, hazisemi nani aliagiza. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, iandikie UBC uombe ratiba ya vipindi vya wagombea. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Taja tarehe kamili, maana ombi la jumla hurudishwa. Katika ripoti, eleza pia kwamba bodi ya UBC huteuliwa na Waziri, kwa Sheria ya UBC ya 2005.

Tunza rekodi zote pamoja na jedwali. Atakayepinga namba zako ataanza kwa kuuliza sekunde ya 51 ilikuwa na neno gani.