Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Mbwa Kadhaa Katika Ua Mmoja Mombasa

Mtu anayekusudia kufuga mbwa kadhaa wa maumbo na tabia tofauti aanze kuukagua ua wake kabla ya kuwachagua mbwa wenyewe, kwa sababu ugomvi mwingi kati yao hutokana na kugombea chakula, mahali pa kulala au mlango mwembamba. Kila mbwa anahitaji sahani yake, kivuli chake cha kulala, na njia ya kuondokea asibanwe pembeni na mwenzake. Mwenye nafasi ya kuwatengea wawili pekee asichukue wa tatu, hata akipewa bure.

Chakula kipangwe mapema kuliko yote. Wengi huhofia mbwa mkubwa tu, ilhali mara nyingi mdogo ndiye anayeilinda sahani kwa ukali zaidi, na mkubwa akichoka kuvumilia, jeraha moja lake latosha kuua. Kwa hiyo walishwe wakiwa wametenganishwa kwa mlango au uzio, si kwa umbali wa hatua chache, na sahani ziondolewe wote wanapomaliza. Ugali uliochanganywa na matumbo au dagaa unafaa katika mlo wao, lakini makombo ya mchuzi yenye vitunguu hayafai, kwani kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Isitoshe, mfupa mmoja uliotupwa kati ya mbwa watatu ni mwaliko wa vita.

Mbwa mgeni asikutanishwe na wenyeji langoni mwao. Ni afadhali wakutane ufuoni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, kila mmoja akiwa na kamba na mtu wake, watembee sambamba kwa umbali kabla ya kuruhusiwa kunusana. Anayekakamaa mwili na kukodoa macho bila kupepesa aondolewe taratibu. Anayenguruma asipigwe, maana mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefunzwa kwa kipigo kunyamaza huenda siku nyingine akauma bila kuonya. Hata baada ya kuzoeana, mkubwa sana na mdogo sana wasiachwe pamoja nyumba ikiwa tupu, kwani mchezo wao waweza kugeuka mawindo ghafla. Wakipigana, wamwagiwe maji mengi, na mtu asiingize mkono kati ya vichwa vyao.

Majike huingia joto, yaani hutaka kupandwa, takribani mara mbili kwa mwaka, na kipindi hicho huchukua kama wiki tatu. Asiyetaka watoto wala mapigano amwone daktari wa mifugo kuhusu kuwahasi mbwa wake mapema.

Daktari huyohuyo awapime uzito mmoja mmoja. Dawa ya minyoo au ya kupe inayomfaa mbwa wa kilo 35 yaweza kumdhuru wa kilo 5, na kugawa kwa kukisia ni hatari. Katika joto la Januari hadi Machi kuwe na ndoo kadhaa za maji, na matembezi yafanyike kabla ya jua kuwa kali, hasa kwa wenye manyoya mazito au pua fupi. Mvua za masika huleta mbu, ambao hueneza minyoo ya moyo. Kinga yake iulizwe mapema.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kwa kawaida mtoto akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari anavyoelekeza, na kila mbwa awe na kadi yake. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Majirani nao washirikishwe kabla ya mbwa kuletwa. Waislamu wengi wa mji huu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumwacha mbwa amrambe kanzu mtu aendaye msikitini alfajiri ni kumvunjia heshima na kumharibia ibada. Lango lijifunge lenyewe, mbwa wasitoke kichochoroni bila kamba, na wageni wawe na njia wasiyoifikia mbwa. Msaidizi wa nyumbani naye aulizwe kwanza iwapo yu radhi kuosha sahani za mbwa, na akikataa, mwenye mbwa azioshe mwenyewe bila kinyongo.

Mwisho, apatikane mtu wa kubaki nao mwenye mbwa anaposafiri. Aishi nao siku chache mwenye mbwa angalipo, ajue nani hulishwa wapi na nani hafungiwi na nani, na haya yote aandikiwe pamoja na nambari ya simu ya daktari.