Kabla ya kwenda kupasuliwa busha

Hakikisha kwanza uvimbe ulionao ni busha kweli. Korodani huvimba pia kwa ngiri, maambukizi na hata saratani. Daktari akushike, asikilizie kama vidole vyake vinafika juu ya uvimbe. Ngiri hushuka kutoka kinenani, na vidole havipati pa kupita. Kisha atazima taa na kuweka tochi nyuma ya mfuko wa korodani. Maji matupu hung'aa wekundu, nyama hubaki giza. Busha la miaka mingi lenye ngozi nene linaweza kuudanganya mwanga, hapo ndipo ultrasaundi inapohitajika. Ukipangiwa kisu bila hata kuguswa, tafadhali uliza kulikoni.

Maumivu makali ya ghafla, pamoja na kichefuchefu, ni habari nyingine: korodani inaweza kuwa imejinyonga, na una saa chache tu za kuiokoa. Nenda usiku huohuo.

Kwetu Pwani, Lindi na Mtwara, mabusha mengi ya watu wazima yanatokana na minyoo inayoenezwa na mbu, ileile ya matende. Madafu hayahusiki, ingawa wazee wetu wameyasingizia miaka mingi. Kingatiba inayogawiwa vijijini, iliyoanzia Mafia mwaka 2000, huua vijiminyoo vilivyomo kwenye damu ili mbu asivipeleke kwa jirani. Imeze, lakini usitegemee ipunguze busha lililokwisha kukua. Kuvuta maji kwa sindano nako hakusaidii sana: yanajaa tena, na sindano inaweza kuingiza vijidudu. Tiba ni upasuaji wa kuukata au kuugeuza mfuko unaotunza maji.

Ukishapangiwa siku, mwambie daktari kama una sukari, presha, au unatumia aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Usiziache kwa uamuzi wako. Jipu, kidonda au homa vitajwe pia, hata kama unaogopa kuahirishiwa. Oga vizuri kwa sabuni, ila wembe uache: michubuko ya kunyoa nyumbani ni mlango wa usaha. Uliza mwisho wa kula ni saa ngapi.

Beba msuli na chupi mbili tatu za kubana, kwani korodani zisiponing'inia uvimbe hupungua. Tafuta mtu wa kukurudisha kwa gari, bodaboda itakuumiza. Kama ni mvuvi au mkulima, panga mapema, kabla ya msimu, maana utakaa wiki kadhaa bila kuvuta nyavu wala kushika jembe, na tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari aruhusu. Mkeo ajue hayo yote kabla.

Uvimbe ukibaki wiki kadhaa baada ya upasuaji, usidhani busha limerudi. Damu isiyokoma, usaha au homa ndiyo ikurudishe hospitali siku hiyohiyo.