Udongo wa kumwekea chura kwenye tenki la kioo

Chura hunywa maji kwa ngozi, hivyo chochote kilichomo kwenye udongo kinamwingia mwilini. Udongo wa maua wa dukani uache kabisa kama una mbolea au zile chembe nyeupe nyepesi. Kokoto ndogo ni hatari zaidi: akirukia mdudu huzimeza, zikaziba utumbo. Ama kipande kiwe kidogo sana, cha kupita utumboni salama, ama kikubwa kuliko kichwa chake.

Kilicho salama ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, yasiyo na chumvi. Yaloweke kwa maji yasiyo na klorini (dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba), kisha kamua konzi moja: likishikana bila kuchuruzika, unyevu unatosha. Matone yakidondoka, kamua tena; udongo ukilowa kupita kiasi huoza, na ngozi ya tumboni hupata vidonda vyekundu.

Kwa chura anayejifukia weka udongo wa kina cha sentimita 8 hadi 10, au zaidi akiwa mkubwa. Chura wa kupanda miti, sentimita 5 zinamtosha. Chini tandaza mawe makubwa ya kupitisha maji, juu yake wavu laini.

Kinyesi kitoe kila siku. Ukisikia harufu kali ya amonia, kama ya mkojo, badilisha udongo wote siku hiyohiyo.