Mheshimiwa akijenga bila kibali Mombasa: hatua za kumfuata kisheria

Usianze na jina lake, anza na ploti. Ukiingia ofisini useme umekuja kumshtaki mheshimiwa, utazungushwa. Ukiuliza kibali cha ploti fulani ya Kisauni au Tudor, jibu liko kwenye faili.

Kusanya ushahidi ukiwa barabarani, usiruke ukuta wa mtu. Piga picha zenye tarehe: bango la ujenzi, au mahali lilipopaswa kuwa, idadi ya ghorofa, nguzo zilizoingia njiani. Zege ikimwagwa usiku, andika saa.

Sasa barua, na hapa usiwe na haraka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Iandikie idara ya kaunti inayohusika na ardhi na mipango: "Mimi, raia wa Kenya, naomba nakala ya kibali cha ujenzi cha ploti nambari hii, pamoja na ramani iliyoidhinishwa." Huna haja ya kueleza sababu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Barua yangu ya kwanza, kuhusu ukuta uliofunga mtaro wa maji mtaani kwetu, haikuwa na muhuri. Niliporudi nikaambiwa haikufika. Kaunti ina siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, nenda Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30.

Ikiwa kibali hakipo, lalamika kwa maandishi kaunti na udai ujenzi usimamishwe. Sheria ya upangaji wa ardhi ya 2019 inamtoza anayejenga bila kibali faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Mwakilishi wadi au mbunge hakusamehewa humo. Kibali kikiwepo nawe hukubaliani nacho, rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti ina siku 14 tu tangu uamuzi, kwa hivyo usilale.

Jina la mheshimiwa linaingia hapa: kama alitumia cheo kumnyamazisha afisa, ripoti kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, chini ya Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012.

Mambo yakikwama, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi papa hapa Mombasa. Nendeni majirani pamoja, na ile nakala yenye muhuri iwe ya kwanza kwenye faili.